Zulia la Siku Ishirini

Kwa miaka thelathini na mmoja baba yake alikuwa mtunza nyasi wa uwanja wa mpira, na mtu asidhani hiyo ni kazi ya kumwaga maji na kwenda zake. Mzee aliujua uwanja wake kama mama anavyokijua kichwa cha mtoto: wapi pana kipara, wapi panatuamisha maji, wapi pakikanyagwa mara mbili patalia. Wachezaji walimwogopa kuliko mwamuzi. Aliyechimbua nyasi kwa njumu akishangilia bao aliitwa pembeni baada ya mechi na kuonyeshwa alichokifanya, hata kama bao lenyewe ndilo lililoleta kombe. Kisha kiharusi kikamnyang'anya mguu na mkono wa kushoto, uwanja ukatandikwa nyasi za plastiki, na mzee akawekewa kiti kwenye sebule ya binti yake, mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Binti huyo alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa mtaa huohuo, kimebanwa kati ya duka la vioo na kinyozi, na watu wote walimwita Fundi, ndugu zake wakiwemo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole kwa saa na mkali kwa watu. Kila mchana alifunga kibanda akaenda kumpa baba yake dawa, na kila mchana alimkuta anatazama ukuta. Mzee hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma binti yake. Angelalamika, angalau angejibiwa.

Basi daktari wa meno wa mtaa wa pili alipohama, akaacha nyuma tangi la samaki la kioo, refu kama meza ya kulia chakula, Fundi alilichukua kabla hajajua atalifanyia nini. Alipofika nalo sebuleni ndipo wazo likamjia: baba yake hawezi tena kwenda uwanjani, lakini kuna watu huotesha nyasi ndani ya maji, fupi, nene, zimetanda chini kama zulia. Aliwahi kuona picha. Uwanja ungekuja kwa mzee, na samaki wangecheza humo bila njumu.

Alikwenda kwa Profesa. Huyu alikuwa muuza samaki wa mapambo, na hilo jina alijipa mwenyewe, kwa sababu ya miwani na koti jeupe alilovaa dukani kama mtu wa maabara. Profesa alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akatoa chini ya meza pakiti ndogo yenye picha ya bustani ya kijani. Juu yake paliandikwa: ZULIA LA MAJINI, SIKU ISHIRINI TU.

"Mama, hii ni mbegu ya kisasa," alisema. "Unanyunyiza, unafunika na plastiki, unasubiri. Hata asiyejua kuotesha kunde ataweza."

"Na itakaa? Nikishajaza maji haitakufa?"

"Itakaa mpaka wajukuu. Mimi nakuuzia jina langu, sikuuzii mbegu tu."

Fundi alirudi nyumbani mbio mbio kama msichana. Wakatandaza mchanga uliolowa, mzee akinyunyiza mbegu kwa mkono wake wa kulia, pole pole, akipitia mistari aliyoiona yeye peke yake. Siku ya tatu zikachipua. Siku ya kumi mchanga haukuonekana. Wakajaza maji kidogo kidogo, wakatia samaki tisa wadogo wenye mikia ya rangi, na siku ya ishirini tangi lilikuwa kijani kiasi kwamba jirani aliyekuja kuomba chumvi alisahau chumvi.

Fundi alimpiga picha baba yake akiwa kando ya tangi, kiganja kimekaa juu ya kioo, anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu hospitali. Kwa furaha ile akaituma picha kwa Profesa na maneno ya shukrani. Profesa akajibu papo hapo kwamba mama ana mkono wa baraka, kwamba katika wateja wake wote hajaona tangi kama lile. Fundi akavaa kilemba hicho cha ukoka, na akatembea nacho mtaani wiki mbili nzima.

Wiki ya tano ncha za majani zikawa njano. Fundi akaongeza saa za taa. Zikawa kahawia. Akapunguza. Kisha, katika siku mbili, zulia lote likalainika na kunyanyuka vipande vipande kama utando wa uji, na chini yake mchanga ulikuwa mweusi na unanuka yai viza. Samaki walipanda juu wakivuta hewa midomo wazi. Fundi alibadilisha maji mara tatu siku ile, mikono imemvimba. Jioni samaki saba walikuwa wanaelea, na wawili waliobaki walikuwa kwenye ndoo, wanapumua kwa taabu.

Mzee hakusema kitu mpaka binti yake alipokaa sakafuni.

"Nilijua tangu wiki ya tatu," alisema.

Fundi aligeuka. "Ulijua nini, Baba?"

"Nilivuta jani moja. Likaja bila kushika. Zile ni nyasi za nchi kavu, mwanangu, zimezamishwa. Zilikuwa zinaishi kwa akiba ya mbegu. Akiba ikaisha."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unaimba ukiosha vyombo. Nilitaka uimbe siku mbili tatu zaidi."

Alikasirika hadi masikio yakamlia. Alimkasirikia baba yake kwa kumwonea huruma, akajikasirikia mwenyewe kwa kula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua, kisha hasira zote mbili zikageuka, kama maji yaliyopata mtaro, zikaelekea dukani kwa Profesa. Alichukua chupa ya mdomo mpana, akaijaza yale maji meusi na mabonge ya nyasi zilizooza, akakaza kifuniko. Kesho yake, Jumamosi saa kumi alasiri, akaenda.

Hakuingia mara moja. Mlangoni alisimama kama aliyepigwa kofi.

Kwenye kioo cha mlango palibandikwa bango jipya, kubwa kama mkeka. Lilikuwa na tangi lake na samaki wake tisa wakiwa hai. Lilikuwa na baba yake, mdomo umepinda upande mmoja kwa kiharusi, anacheka kicheko kile ambacho yeye alikisubiri mwaka mzima. Na juu yake kwa herufi nyekundu: HATA MZEE HUYU AMEWEZA!

Hata mzee huyu! Mtu aliyeotesha nyasi mahali ambapo watu ishirini na wawili walizichana kila wiki! Mtu ambaye viongozi wa timu walimwomba ruhusa kabla ya kuingiza gari uwanjani! Leo amekuwa kipimo cha ujinga, kwamba kama huyu aliyepinda ameweza, basi wewe mzima unashindwa nini?

Ndani mlikuwa na wateja wanne watano. Profesa alimwona, akafungua mikono.

"Karibu, mama wa mkono wa baraka! Jamani, huyu ndiye mwenye tangi la hapo mlangoni."

"Ndiyo mimi," Fundi alisema. "Na tangi lenyewe nimewaletea."

Akaweka chupa juu ya meza ya kioo, akafungua kifuniko.

Harufu ile haikuomba njia. Mteja mmoja alikohoa, mwingine akaziba pua kwa ukosi wa shati, na mama mmoja mnene akatoka nje akisema, "Mungu wangu, kuna nini kimekufa humo?"

"Samaki saba," Fundi alimjibu. "Na hizo ndizo nyasi za kukaa mpaka wajukuu. Zimekaa siku arobaini na mbili."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, funika kwanza hiyo kitu tuzungumze kistaarabu. Tatizo hapo ni maji yako. Au mwanga. Au umelisha samaki kupita kiasi. Mbegu ni nzuri, ushahidi upo, picha si yako? Si ziliota? Nimedanganya wapi?"

"Ulisema zitakaa."

"Kila kiumbe kina siku zake, mama."

Kuna maneno humkasirisha mtu kwa sababu ni ya uongo, na kuna maneno yanayomkasirisha zaidi kwa sababu yamekaa karibu na kweli, yanakenua. Fundi alinyoosha kidole kwenye bango.

"Toa picha ya baba yangu mlangoni."

"Uliituma mwenyewe. Hukusema ni siri."

"Nimesema toa picha ya baba yangu."

Hapo sauti ikatoka nyuma ya rafu ya vyakula vya samaki. Ilikuwa ya mwanamke mwembamba mwenye mkoba uliojaa karatasi za rangi. "Kwangu pia zilioza," alisema. "Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto wangu arobaini na mmoja walikuja asubuhi wakakuta samaki wa darasa wamekufa wote. Huyu bwana akaniambia watoto ndio walioweka sabuni. Nikawauliza mmoja mmoja, wakalia mmoja mmoja." Alimtazama Profesa bila kupandisha sauti. "Niliwagombeza watoto kwa ajili yako."

Mteja mmoja alirudisha pakiti rafuni, taratibu, kama anayerudisha kitu cha wizi. Profesa alitazama wateja wake, akatazama chupa, akaenda mlangoni akabandua bango. Alilikunja chini ya kwapa, akasema, "Haya, mmeridhika? Sasa niacheni nifanye kazi."

Wanawake wawili walitoka pamoja. Barabarani mwalimu alimshika Fundi mkono, kwa sababu Fundi alikuwa analia, na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni.

"Dada, unataka nyasi za kweli?" mwalimu aliuliza. "Shangazi yangu anazo kwenye pipa la maji, kaziweka nje ya nyumba miaka na miaka, hata hazitunzi. Si mbegu, ni miche. Zinatambaa zenyewe. Tatizo lake moja tu, hazina haraka."

Jumatatu Fundi alipita mbele ya duka akienda kununua betri za saa. Bango lilikuwa limerudi mlangoni. Profesa alikuwa amechukua mkasi, akakata sehemu ya juu, akabandika kilichobaki: tangi, nyasi, samaki, na kiganja cha mzee juu ya kioo.

"Amemkata baba yangu kichwa," alimwambia mzee mchana ule. "Nyasi kaziacha, kichwa kakitupa!"

Mzee alitazama kiganja chake. "Basi angalau sasa sijulikani," alisema.

"Baba, usinichekeshe, nimekasirika!"

"Kasirika. Ila mchanga ule mweusi umeshautoa? Usije ukapanda kitu juu ya uozo."

Fundi alifanya yote mawili. Mchanga aliutoa wote, akausuuza ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka meupe. Na ile chupa, akiwa ameikaza kifuniko vizuri, aliiweka kwenye dirisha la kibanda chake, kati ya saa za ukutani, pamoja na ile pakiti tupu na kipande cha karatasi alichoandika kwa mkono wake: *Zulia la siku ishirini, siku ya arobaini na mbili.* Hakumtaja mtu, wala haikuhitajika. Kila aliyeleta saa aliuliza, na Fundi alieleza huku ameweka lenzi jichoni, sauti yake ikizidi kupanda, mpaka kinyozi wa jirani akawa anaijua hadithi kwa moyo na kuwasimulia wateja wake wakiwa hawawezi kuondoka kitini.

Miche ikaletwa na mwalimu kwenye bakuli lenye maji: vijimche kumi na vitano, kila kimoja na majani manne matano membamba, havifiki urefu wa kidole. Fundi alivitazama akataka kulia tena. Tangi lote lile, na vitu hivi!

Mzee ndiye aliyechukua uongozi. Alivuta kiti, akatoa amri. Kila mche mahali pake, usipande kwa mafungu. Nafasi ya vidole viwili. Mizizi yote ndani, lakini moyo wa mche, pale majani yanapoanzia, ubaki juu ya mchanga, ukiuzika umeuua. Fundi alipanda kwa kibano kilekile cha kushikia parafujo za saa, na kwa mara ya kwanza baba yake alimtazama akiwa kazini kwa saa nzima.

"Una mkono mzuri," alisema. Kisha, kama aliyeshtuka kwamba amesifu, "Huo wa kona umeenda upande."

Wiki ya kwanza majani ya nje yakalainika, na Fundi akayakuta hivyo asubuhi. Akasimama mbele ya tangi akisema, yaleyale, yaleyale, tumerudi palepale. Mzee akamwambia atazame katikati, si pembeni. Katikati ya kila mche palikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama sindano. "Yale ni majani ya pipa la shangazi," alisema. "Yanakwenda zake. Haya ndiyo ya hapa kwetu."

Mwezi mzima hakukutokea lolote. Taa iliwaka kwa muda wa saa saba kila siku na kuzimwa, maji yalibadilishwa robo kila Jumapili, samaki wawili walionusurika wakazunguka kwenye ule uwanja wenye vipara, na kaka mkubwa wa Fundi, alipopita kusalimia, akasema kama ni kufuga mchanga, yeye anao mwingi nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa anatazama kwingine. Alikuwa ameona, mbele ya mche wa kona, kamba nyeupe nyembamba imetokeza kwenye mchanga, na mwisho wake vijani viwili.

Kamba ikaleta kamba. Mwezi wa pili miche ilipata majirani, wa tatu ikaanza kugombea nafasi. Kila siku tatu mzee aliagiza lipi likatwe, lipi liachwe, na Fundi alikata majani yaliyozeeka kwa mkasi mdogo uliopinda. Mwezi wa nne, asubuhi moja, mzee aliingiza mkono wake wa kulia kwenye maji mpaka kwenye kiwiko, akashika nyasi zikiwa zimejaa kiganjani, akavuta. Mchanga ulinyanyuka na nyasi hazikutoka. Alibaki hivyo, mkono ndani ya maji, mkono wa shati umelowa wote.

Habari ilimfikia Profesa. Alikuja kibandani saa tano asubuhi, bila koti jeupe, akasalimia kwa adabu nyingi.

"Mama, mimi na wewe tulianza vibaya," alisema. "Nasikia una zulia la kweli, na linazaa. Niuzie miche. Nami nitakuomba jambo dogo tu, hiyo chupa itoke dirishani. Inaniharibia."

Fundi aliweka chini saa aliyokuwa nayo. "Zile pakiti bado unaziuza?"

"Zilizobaki tu. Siwezi kutupa mali."

"Zilete zote hapa. Uzimwage kwenye ndoo ya maji, mbele ya mwalimu, mbele ya kinyozi. Utaondoka na miche bure."

Profesa alicheka kidogo, akitazama pembeni kama anayetafuta mtu wa kucheka naye. "Mama, biashara ni biashara."

"Na hapa ni kwa fundi saa. Una saa mbovu?"

"Sina."

"Basi unanikingia mwanga."

Mchana alimweleza baba yake, akitarajia kusifiwa. Mzee alikunja uso.

"Ungempa," alisema. "Nyasi ikiuzwa dukani kwake, watu watapata ya kweli. Nyasi haina kosa."

"Na mbegu ataendelea kuziuza rafu ya pili! Atatumia nyasi yako kuwaingiza watu dukani, kama alivyotumia uso wako."

"Uso wangu nimeshamsamehe."

"Ni haki yako, ni uso wako. Mimi sijamsamehe, na usiniombe." Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kijiko cha dawa mkononi, akikipunga. "Uwanja wako walipouwekea plastiki ulinyamaza. Zulia lilipokuwa linakufa ulinyamaza. Kuna vitu si vya kunyamazia, Baba."

Dawa ilimwagika kidogo kwenye zulia la sakafuni na hakuna aliyeifuta. Mwishowe mzee akasema, "Basi usimpe," na kwa sauti nyingine, sauti ya zamani ya pembeni mwa uwanja, "lakini na wewe usikae nayo. Nyasi iliyobanana inajiua."

Jumamosi iliyofuata kwenye dirisha la kibanda, chini ya chupa, pakawa na karatasi ya pili: *Lete pakiti yako ya siku ishirini, iwe nzima au tupu, uchukue miche mitano nyumbani kwa Fundi.* Alifikiri watakuja watu watatu. Walikuja kumi na mmoja, mmoja akiwa yule mama mnene aliyekimbia harufu. Mwalimu alikuwa mlangoni akipokea pakiti, na zile zilizokuwa na mbegu alizimwaga kwenye ndoo, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa kutisha. Mzee alikaa kando ya tangi akichagua miche, na aliyetaka kujichagulia alichapwa kofi mkononi.

Mchana ule Profesa alipita upande wa pili wa barabara, akaona mstari, akapunguza mwendo. Fundi alimwona kupitia dirishani. Kifua kilimjaa kama siku ile ya bango, joto lilelile, na hakujaribu kulipoza.

Ndani ya sebule kijana wa kampuni ya umeme alikuwa ameshika kikombe chake cha miche kwa mikono miwili.

"Shikamoo tena, mzee. Samahani, miezi minne kweli? Hakuna namna ya kuharakisha?"

Mzee alimtazama juu mpaka chini, kama alivyokuwa akiwatazama washambuliaji.

"Marahaba. Rudisha hicho kikombe," alisema.

"Hapana, mzee, nimeuliza tu!"

"Basi kaa hapo," mzee alisema, akamsogezea stuli kwa mguu wake mzima, "nikueleze tangu kwenye mchanga."